Mzingo na Mkono: Usomaji wa Baiskeli ya Gurudumu Moja

Ukiitazama ikiwa imeegemezwa ukutani, baiskeli ya gurudumu moja haioneshi mbele wala nyuma. Uma wake unashuka wima pande zote mbili za gurudumu, habu iko katikati, krenki mbili zimeelekea pande zinazopingana, na kiti kimepinda kwenda juu kwa mbele na kwa nyuma karibu sawasawa. Ni umbo linalokaribia ulinganifu kamili, na mhakiki mwenye haraka angeridhika kulisifu kwa hilo. Lakini pedali zinalipinga. Ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kulia, kama skrubu yoyote. Ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, na ndiyo sababu zimechorwa herufi R na L kwenye ncha za chuma chake. Mpangilio huo umefanywa ili mwendo wa kwenda mbele usizifungue. Kigeuze kiti, mbele iwe nyuma, uendeshe kama kawaida, na mwendo uleule utaanza kuzilegeza kidogo kidogo hadi ziyumbe na kung'oka. Kumbe umbo hili lina mbele yake, ila limeificha kwenye mifuo ya chuma ambako jicho halina desturi ya kutazama.

Ninaanza hapo kwa sababu ndipo chombo hiki kinapofundisha namna ya kusomwa. Maamuzi yake makubwa yamo katika viungo: jinsi pedali inavyoshika krenki, krenki inavyoshika habu, na habu inavyobeba gurudumu. Na uamuzi unaozungumzwa kuliko yote, ule wa saizi, kwa kawaida husomwa vibaya. Anayetaka kujifunza huuliza saizi yake kama anavyouliza saizi ya kiatu, akataja kimo chake, akasubiri namba. Hoja yangu ni kwamba inchi za gurudumu hazipimi mwili wa mtu. Zinataja bahari, kwa maana wanayoijua wasomaji wa ushairi wetu: kanuni inayoamua mapema mshororo utakuwa na urefu gani, utakatika wapi, na utakwenda kwa mwendo gani. Mwili nao una mahali pake pa kupimwa, na tutapafikia, lakini mahali hapo si kwenye gurudumu.

Tushuke basi kutoka juu. Kiti cha baiskeli ya kawaida hakina mpindo mkubwa, kwa sababu mwendeshaji ameshika usukani na sehemu ya uzito wake ameigawia mikono. Hapa usukani haupo, na kiti kimerithi kazi zake zote. Mpindo wake huzuia nyonga zisiteleze mbele wala nyuma. Wembamba wake wa katikati huyaruhusu mapaja kukibana na kukigeuza. Na mara nyingi ncha ya mbele ina mpini mdogo wa kushikilia mtu anapopanda kilima au anaporuka. Kinachonivutia zaidi ni vipande vya plastiki ngumu vilivyofungwa kwenye ncha zote mbili. Havimsaidii mwendeshaji kwa lolote akiwa juu. Vimewekwa kwa ajili ya wakati ambao kiti kitapiga sakafu, mara nyingi, kwa mbele au kwa nyuma. Mbunifu ameliingiza anguko katika muundo kabla ya mtu yeyote kupanda, na amelipa nafasi yake, unene wake na skrubu zake. Vyombo vingi huficha uwezekano wa mtumiaji kushindwa; hiki kimeukiri waziwazi, na ninauona ukiri huo kuwa sehemu ya uzuri wake.

Chini ya kiti ndipo ulipo uamuzi unaotawala mengine yote. Krenki zimefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya habu, bila mnyororo, bila gia, na bila ule utaratibu unaoiruhusu baiskeli ya kawaida kuteremka huku miguu imetulia. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka. Pedali zikisimama, gurudumu limesimama. Zikirudi nyuma, nalo linarudi. Ukoo wa muundo huu unajulikana. James Starley na William Hillman walipopata hataza ya baiskeli yao ya Ariel mwaka 1870 huko Coventry, Uingereza, gurudumu kubwa la mbele liliendeshwa vivyo hivyo, kwa krenki zilizofungwa kwenye habu yake. Na kwa kuwa mzunguko mmoja wa miguu ulizaa mzunguko mmoja wa gurudumu, aliyetaka kasi hakuwa na njia ila kulikuza gurudumu hadi pale miguu yake ilipokoma kufika. Mwaka 1885, katika mji uleule, John Kemp Starley wa ukoo huohuo alitoa Rover, yenye mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma, na tangu hapo ukubwa wa gurudumu na kasi ya mwendo vikatengana. Baiskeli ya gurudumu moja haikuifuata njia hiyo. Imebaki katika sarufi ya kabla ya mnyororo, ambamo namba moja, kipenyo, hutaja ukubwa na kasi kwa pamoja, na kwa hiyo ndani yake swali la saizi lina uzito ambao katika baiskeli ya kawaida limekwisha kuupoteza.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumekiona chombo hiki kwanza kwenye sarakasi, na pengine katika sura yake ndefu, ile ambayo kiti kiko juu ya vichwa vya watazamaji na mnyororo unashuka kutoka kwenye pedali hadi kwenye gurudumu dogo chini. Sura hiyo huwashangaza watu, na inastahili. Ila kiuchambuzi haibadilishi jambo: mnyororo wake kwa kawaida huzungusha gurudumu mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, gurudumu ni dogo vilevile, na mwendo ni uleule. Urefu wake ni pambo la jukwaa. Anayetaka kuielewa bahari na atazame chini, mzingo unapogusa ardhi.

Tuupime. Gurudumu la inchi 20 lina mzingo wa takriban mita 1.6, na kila mzunguko kamili wa miguu humpeleka mtu umbali huo, haumzidishii. La inchi 24 humpeleka mita 1.9, la inchi 29, mita 2.3, la inchi 36, karibu mita 2.9. Miguu ikizunguka mara 60 kwa dakika, inchi 20 hutoa kilomita zipatazo 5.7 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, ilhali inchi 36 hupita kilomita 10. Mzingo, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mkono, yaani urefu wa krenki kutoka katikati ya habu hadi pedali ilipofungwa. Krenki ni wenzo, na nguvu ya mguu hufika ardhini kwa kadiri ya uwiano wa mkono huo na nusukipenyo cha gurudumu. Krenki ya milimita 125 kwenye gurudumu la inchi 20, lenye nusukipenyo cha milimita 254, hutoa uwiano wa karibu nusu. Krenki ya milimita 150 kwenye inchi 24 hutoa uwiano huohuo, na hapo msomaji makini hugundua kuwa vyombo viwili vyenye namba tofauti vinaweza kuwa ndugu wa karibu kuliko viwili vyenye namba moja: mguu unakutana na ugumu uleule, ila hatua imerefuka. Ihamishie krenki ya milimita 125 kwenye inchi 36, na uwiano unashuka hadi robo na ushee. Kosa dogo la urari ambalo kwenye gurudumu dogo lilirekebishwa kwa mgandamizo wa kidole gumba sasa linaudai mguu nguvu inayokaribia maradufu.

Kwa hiyo mkono mrefu hutoa mamlaka na kupunguza ulaini: mguu huchora duara pana, nyonga huyumba, na kasi hukwama kwa sababu hakuna mguu unaozunguka duara pana kwa wepesi. Mkono mfupi huleta ulaini na kuyanyang'anya mamlaka: nyayo huzunguka karibu bila kuonekana, lakini zikitakiwa kusimamisha gurudumu ghafla hazina wenzo wa kutosha wa kulitii tamko la mwili. Hakuna jozi iliyo bora kwa kila jambo. Kila jozi ya mzingo na mkono ni msimamo kuhusu kipi kipewe kipaumbele, na anayesema tu kuwa ana ya inchi 24 hajatuambia bado ana chombo gani.

Kujifunza ni kuuelewa uwiano huo kwa miguu. Mwanafunzi hukaa kitini, mkono mmoja ukishika uzio au ukuta, krenki zikiwa zimelala sambamba na ardhi, pedali moja mbele na nyingine nyuma. Mkao huu haukuchaguliwa kwa ajili ya sura. Krenki zikilala, kila mguu uko mwisho wa wenzo wake, na gurudumu liko chini ya mamlaka kamili: wa mbele unaweza kulisogeza mbele, wa nyuma unaweza kulirudisha. Krenki zikisimama wima, mamlaka yote yametoweka, kwa kuwa uzito wa mguu unashuka moja kwa moja kupitia ekseli hadi ardhini na hakuna hata chembe yake inayogeuka kuwa mzunguko. Hapo ni nukta-mfu, na kila mzunguko unazo mbili. Mzunguko basi si duara laini kama unavyoonekana kwa mtazamaji. Ni vipande viwili vilivyo sawa kwa urefu, na kila kimoja kinazaliwa, kinafikia kilele chake cha nguvu, kisha kinafifia. Anayelijua shairi la mizani kumi na sita, lenye ukwapi wake na utao wake, ataitambua sura hii mara moja, pamoja na kile kituo cha katikati ambacho hakina silabi lakini bila hicho mshororo hauna umbo. Tofauti ni kwamba msomaji wa shairi huvuta pumzi kwenye kituo, ilhali mwendeshaji haruhusiwi kupumzika kwenye nukta-mfu. Lazima aifikie akiwa na kasi ya kutosha kumvusha.

Ufundishaji bora hufuata mkato huo. Mwanafunzi husogea nusu-mzunguko mmoja, krenki zinalala tena, anatulia, uzio ukimsaidia. Kisha nusu nyingine, anatulia. Kisha nusu mbili bila kutulia, kisha tatu. Haijaribiwi safari, kinajaribiwa kipande, na safari huja yenyewe vipande vinapoanza kuungana. Nimewahi kuona watu wakisukumwa na rafiki zao waende umbali mrefu siku ya kwanza, wakishikiliwa mikono pande zote mbili, nami naona njia hiyo inafundisha kushikiliwa. Mikono ya watu wawili huziba upungufu wa kila kipande, na mwanafunzi anafika mwisho wa uwanja bila kujua hata mara moja nukta-mfu ilikuwa wapi.

Jambo gumu zaidi katika hatua hii linahusu mguu unaopanda. Mwenye hofu husimama juu ya pedali badala ya kukaa, na anaposimama miguu yote miwili inabeba uzito. Mguu wa mbele unasukuma chini na kulizungusha gurudumu mbele. Wa nyuma nao unasukuma chini, na kwa kuwa uko upande wa pili wa ekseli, unalizungusha nyuma. Miguu inabishana ndani ya habu moja, mwendo unakuwa wa kushtukashtuka, na mapaja yanachoka baada ya mita chache ilhali njia haijaenda popote. Dawa ni kuuacha uzito ukae kitini, na kuufanya mguu unaopanda uwe mwepesi bila kuiacha pedali: ugusane nayo, uifuate, usiibebeshe kitu. Anayelipata hili amepata nusu ya ufundi wote. Na ni hapa, hatimaye, mwili unapopimwa. Kiti kikiwa chini mno kinamwalika mtu asimame, kwa kuwa magoti yaliyokunjwa sana hayawezi kusukuma akiwa amekaa. Kipimo cha kuanzia ni kisigino: ukiwa umekaa, pedali ikiwa chini kabisa, kisigino kiifikie mguu ukiwa umenyooka, ili utakapokanyaga kwa sehemu pana ya unyayo goti libaki na mkunjo mdogo. Aliyesimama kando ya baiskeli iliyopimwa hivyo atakuta kiti kiko karibu na kitovu chake. Bomba la kiti ndilo linalopandishwa na kushushwa kumfuata mtu, na bomba refu huifanya inchi 20 imfae mtu mzima mrefu bila gurudumu kubadilika hata kidogo.

Mwili huweka mpaka mmoja tu kwenye gurudumu, na mpaka huo ni wa juu. Kati ya nyonga na pedali iliyo chini kabisa lazima vienee nusukipenyo cha gurudumu, urefu wa krenki, na unene wa shingo ya uma pamoja na kiti. Kwenye inchi 36 yenye krenki za milimita 150, viwili vya kwanza peke yake vinapita sentimita 60. Mtoto wa miguu mifupi hupewa inchi 16 au 12 kwa sababu hiyo ya hesabu, na ni vyema kukumbuka kuwa krenki ndefu nayo hula mguu kama gurudumu kubwa linavyoula.

Haya yote yametayarisha tendo lenyewe, na tendo hilo ni kuanguka. Baiskeli ya kawaida inagusa ardhi mahali pawili, na kati ya mahali hapo upo mstari ambao mwili unaweza kuuegemea kwa mbele na kwa nyuma. Hapa ipo nukta moja. Mwili ulio juu ya nukta moja unaanguka daima upande fulani, na kinachobaki kuamuliwa ni kama gurudumu litauwahi. Mwanafunzi kwa silika hutaka kujinyoosha wima kwanza, kisha akanyage. Akikanyaga, gurudumu linachomoka mbele na kumwacha nyuma. Mpangilio sahihi ni wa kinyume. Mwili hutangulia, kwa mwinamo mdogo unaoanzia kwenye nyonga na wala si kwenye kichwa, kisha gurudumu huufuata na kuja kukaa chini yake. Sarufi ya chombo hiki inaanza sentensi kwa anguko, na kitenzi cha miguu huja baada yake.

Umbo hili linafikia werevu wake mkubwa kabisa katika kupunguza mwendo. Ili mtu apunguze kasi, gurudumu lazima liwe mbele ya kitovu cha uzito wake, mwili uwe umeegemea nyuma kidogo. Na ili gurudumu lifike mbele, sharti kwanza liende kasi kuliko mwili. Anayetaka kusimama huanza kwa kuongeza mwendo. Kadhalika anayetaka kuondoka kutoka kwenye utulivu hulirudisha gurudumu nyuma kidogo ili mwili ubaki mbele yake. Mtazamaji hayaoni mambo haya, kwa sababu kwa mwendeshaji mzoefu marudio hayo ni ya sentimita chache tu, lakini yapo katika kila mabadiliko ya mwendo, na ndiyo yanayoupa uendeshaji mzuri ile hali ya kutanguliwa na wazo: mwili umekwisha kuamua kabla gurudumu halijaonesha.

Ubavuni kanuni ni tofauti. Hakuna msuli unaoweza kulivuta gurudumu kando. Linaloweza kufanyika ni kuligeuza lielekee upande ambao mwili unaangukia, kisha kukanyaga. Nyonga na mapaja hukizungusha kiti, mabega na mikono huzunguka upande wa pili kulipia mzunguko huo, na njia inayochorwa ardhini ni ya mawimbi, hata pale mwendeshaji anapodhani amenyooka. Ustadi huyapunguza mawimbi bila kuyafuta. Kwa jicho la mhakiki, mikono ndiyo inayosema ukweli: kwa anayejifunza hupepea mbali na mwili, kwa sababu nyonga bado hazijui kazi yao, na hushuka zenyewe nyonga zinapojua. Tairi nalo lina kauli hapa. Likiwa na upepo mdogo, au likiwa pana na bapa, eneo lake la kugusana na ardhi huwa kubwa na hukataa kugeuzwa. Mwanafunzi hudhani tatizo ni la kiuno chake. Tairi lenye mgongo wa mviringo, lililojazwa vizuri, juu ya sakafu laini ya saruji kama ya uwanja wa mpira wa kikapu, huruhusu kila jaribio la nyonga lipate jibu. Nyasi hupendekezwa kwa ulaini wake wa kupokea maanguko. Mimi nazikataa, kwa kuwa zinalisitisha gurudumu mahali ambapo nukta-mfu nayo inalisitisha, na mwanafunzi hawezi tena kutofautisha viwili hivyo.

Sasa hukumu kuhusu inchi 20 inaweza kutolewa kwa sababu zake. Nusu-mzunguko wake ni sentimita 80 tu. Kosa lililofanywa ndani ya kipande kimoja halijakwenda mbali kipande kinachofuata kinapokuja kulisahihisha. Gurudumu ni jepesi, hivyo hugeuka nyonga zinapoomba. Kiti kiko karibu na ardhi, na kushuka kwa dharura ni hatua moja. Pamoja na krenki za milimita 125 au zinazokaribia hapo, uwiano wa nusu humpa mguu mamlaka bila kuupanua mno. Wapo wanaomtetea mtu mzima aanze na inchi 24, wakisema gurudumu hilo ni tulivu na litamtumikia baadaye barabarani. Utulivu huo ni wa kweli, nao unatokana na uzito wa rimu na tairi lililo mbali na ekseli. Lakini utulivu ni ukaidi pia, na anayejifunza anahitaji chombo kinachojibu hata anapokosea. Inchi 20 ni ya wasiwasi kidogo, haimsamehe anayelala, na hilo ndilo linalomfundisha. Hata aliyebobea huirudia, kwa sababu kuyumba mbele na nyuma papo hapo, kugeuka kwa mguu mmoja, na michezo ya mikono miwili hudai gurudumu dogo. Kundi la King Charles Troupe la New York, lililopata umaarufu kwa kucheza mpira wa kikapu juu ya baiskeli hizi na kuingia katika sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey mwishoni mwa miaka ya 1960, lilikuwa na mchezo usioweza kufikirika juu ya gurudumu kubwa: mpira hausubiri mtu amalize mita 2.9.

Uthibitisho mzuri wa kwamba saizi ni kanuni ya utungo unapatikana katika sheria za mashindano. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ambalo mashindano yake ya dunia yalianza mwaka 1984 mjini Syracuse, Marekani, limeweka kwa mbio za uwanjani za daraja la inchi 24 kipenyo kisichozidi milimita 618 na krenki zisizopungua milimita 125. Zisome namba hizo kama arudhi. Kipenyo kimewekewa dari, mkono umewekewa sakafu, na kwa hatua hizo mbili njia kuu za kununua kasi kwa vipuri zimefungwa. Kilichoachwa wazi ni idadi ya mizunguko ambayo miguu inaweza kuimudu bila mwili kurushwa kitini. Mshindi ni yule aliyezilainisha nukta-mfu zake kuliko wenzake. Sijui sheria nyingi za michezo zilizoielewa fani ya mchezo wake kwa undani kama hiyo.

Kwa upande wa pili iko inchi 36, ambayo ni utenzi mrefu. Kijana Mwingereza Ed Pratt aliondoka Somerset mwaka 2015 juu ya gurudumu la saizi hiyo, akaizunguka dunia, na kurejea nyumbani mwaka 2018. Ukubwa huo hubadilisha maana ya kila kitu tulichokisoma. Rimu nzito huhifadhi mwendo na kuivusha nukta-mfu yenyewe. Vijiwe na nyufa za barabara, ambazo inchi 20 huzisoma neno kwa neno, hapa hupitiwa bila kutamkwa. Lakini kupanda bila kushika kitu kunadai mruko, na kulisimamisha kunadai uamuzi wa mapema, ndiyo maana nyingi za saizi hii hufungwa breki. Ipo pia habu yenye gia ndani yake, iliyobuniwa na Mswisi Florian Schlumpf, inayobadilishwa kwa kugonga kitufe kwenye ekseli kwa kisigino, na inayolizungusha gurudumu zaidi ya mara moja na nusu kwa kila mzunguko wa miguu. Ni kazi ya uhandisi ya hali ya juu. Hata hivyo nikiwa msomaji wa fani naona inavunja agano la moja kwa moja ambalo limelishikilia umbo hili tangu siku za Ariel, na anayeitumia anatunga katika bahari nyingine, hata kama kwa macho ni chombo kilekile.

Kwa anayemaliza inchi 20 na kutaka kusafiri, ushauri wangu ni abadilishe mkono kabla ya mzingo. Krenki za milimita 100 kwenye gurudumu lilelile zitamwonesha ladha ya uwiano mdogo kwa gharama ndogo kuliko baiskeli mpya. Akiona ulaini unampendeza, inchi 29 itamfaa kuliko 24, hasa akiianza na krenki za milimita 150 na kuzifupisha baadaye. Zipo krenki zenye matundu mawili ya pedali, ambazo humwezesha kutumia mkono mrefu vilimani na mfupi kwenye tambarare kwa kuhamisha pedali tu. Ila azisome namba za tairi kwa uangalifu, kwa kuwa inchi zinazotajwa ni jina kuliko kipimo. Rimu ya inchi 20 ya kawaida ina milimita 406, na ile inayoitwa inchi 19, ya wanaoruka juu ya vizingiti, ina milimita 387. Matairi yake yakishajazwa hukaribiana kimo, lakini la moja haliingii kwenye nyingine. Inchi 29 hutumia rimu ya milimita 622. Baiskeli zetu kubwa nyeusi za mizigo, za inchi 28 kwa moja na nusu, zinatumia rimu ya milimita 635, na tairi lake, linalopatikana kwa kila fundi kuanzia Kisumu hadi Mwanza, litacheza juu ya rimu ya 622 bila kushika. Tairi la kufaa ni lile la baiskeli ya milimani lililoandikwa 622 ubavuni.